SOKO LA MAJENGO: Jengo nalo lichomwe bambo kabla ya kulipwa

Mnunuzi wa alizeti mjini Singida hanunui gunia kwa kulitazama kwa nje. Hulichoma bambo, akamwaga punje kiganjani, akatafuna mbili tatu kupima unyevu, ndipo azungumze bei. Cha kushangaza ni kwamba mtu huyo huyo, akishapata faida ya misimu kadhaa na kutaka kuiweka kwenye nyumba ya kupangisha, hutembezwa na dalali kwa nusu saa, akaonyeshwa rangi mpya na hati, akalipa.

Hati lazima ihakikiwe ofisi ya ardhi, hilo halina mjadala. Lakini hati haisemi lolote kuhusu msingi wala kenchi.

Tatizo la kwanza la mwekezaji wa mkoa huu ni kalenda. Singida ina msimu mmoja wa mvua, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili. Alizeti huvunwa mvua zikiisha, na fedha huingia mikononi katikati ya kiangazi, wakati ambapo hakuna bati linalovuja wala ukuta unaotoa jasho. Kwa maneno mengine, watu wengi hununua majengo katika miezi ambayo paa haliwezi kujitetea wala kujishtaki. Inabidi basi kutafuta alama ambazo mvua iliyopita iliziacha: madoa ya rangi ya chai kwenye dari, misumari iliyoota kutu, mbao zilizopinda, mchirizi wa udongo ukutani. Ukikuta dari imepakwa rangi upya chumba kimoja tu, uliza kwa nini.

Usiishie kuuliza. Omba ngazi, panda darini ukiwa na kurunzi na bisibisi. Choma miisho ya kenchi pale inapolalia ukuta, kwani hapo ndipo mchwa huingilia. Mbao nzima itakukatalia, iliyoliwa itapokea bisibisi kama unga. Angalia vile vile kama kenchi zimefungwa kwenye ukuta kwa waya au mikanda ya chuma, au zimewekwa tu juu yake. Singida ni miongoni mwa maeneo yenye upepo mkali nchini, kiasi cha kufikiriwa kwa miradi ya umeme wa upepo, na paa lisilofungwa vizuri haliwezi kuhimili upepo huo miaka mingi. Ushuke, funga milango na madirisha saa sita mchana, kisha tazama juu: kila nukta ya mwanga ni tundu.

Kwa upande wa msingi, kiangazi ni rafiki wa mnunuzi. Ardhi ya Singida hubadilika kwa hatua chache, kutoka majabali na kichanga hadi udongo mweusi wa mbuga kwenye mabonde. Udongo huu huvimba ukinywa maji na kusinyaa ukikauka, na nyumba iliyojengwa juu yake kwa msingi mfupi hupandishwa na kushushwa kila mwaka. Nyufa nyembamba kama unywele kwenye plasta zisikutishe. Ufa wa kuogopa ni ule unaoanzia kona ya dirisha au mlango na kwenda mshazari, au unaoshuka kama ngazi ukifuata viungo vya tofali, na unaoonekana ndani na nje mahali pale pale. Kama sarafu inaingia, sita. Muuzaji akisema ni wa zamani na umetulia, bandika kipande cha kioo kwa saruji kukatisha ufa huo na urudi baada ya miezi michache. Kioo kikipasuka, nyumba bado inatembea.

Kwa majengo yaliyo karibu na maziwa ya Singidani na Kindai, ambayo maji yake ni ya chumvi, kagua mita moja ya chini ya ukuta. Unga mweupe na plasta inayobanduka ni dalili kwamba unyevu wenye chumvi unapanda. Gonga kwa kifundo cha kidole. Plasta iliyoachana na tofali hulia kama mtungi mtupu. Pia uliza zege lilikorogwa kwa maji gani, maana chumvi huozesha nondo ndani kwa ndani.

Lenta iliyozunguka nyumba nzima ni jambo la kuhakikisha, si la kudhani. Bonde la Ufa linapita mkoani humu, na tetemeko la Kagera la tarehe 10 Septemba 2016 lilionyesha jinsi kuta zisizofungwa zinavyoanguka. Hali kadhalika uliza ni kuta zipi zilibomolewa ili kupata fremu za maduka, au ghorofa ipi iliongezwa baadaye. Jengo lililoporomoka Kariakoo tarehe 16 Novemba 2024 liliua zaidi ya watu 20, wengi wakiwa kazini.

Tuje kwenye hesabu, kwa mfano tu. Jengo la fremu 4 linauzwa shilingi milioni 45, kila fremu kodi ni 80,000 kwa mwezi. Mapato ya mwaka ni 3,840,000, yaani asilimia 8.5, na mtaji unarudi kwa takribani miaka 12. Sasa weka matengenezo ya paa na msingi ya milioni 7.5, na miezi 4 ya fremu kufungwa, 1,280,000. Gharama halisi inakuwa 53,780,000, pato linashuka hadi asilimia 7.1 na miaka inakuwa 14. Hapo hujalipa kodi ya Serikali, wala hujalinganisha na hati fungani, ambazo hazina paa la kuezekwa.

Ndiyo maana ada ya mhandisi aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi ni nafuu. Mchague mwenyewe, asiwe rafiki wa dalali. Makadirio yake ya matengenezo ndiyo karatasi ya kwenda nayo mezani kupunguza bei. Na ikiwa unanunua Julai, pendekeza kwa maandishi kwamba sehemu ya malipo, tuseme sehemu moja ya kumi, ibaki kwa wakili hadi mwisho wa Januari, mvua kubwa mbili tatu zikishanyesha. Muuzaji wa jengo lililopakwa rangi mwezi uliopita akikataa sharti hilo, shusha bei yako au kaangalie jengo la pili.