KUANDIKA DARSA KUTOKA KWENYE KANDA

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Wanafunzi wapenzi, aya ya 282 ya Suratul Baqara, ambayo ni ndefu kuliko zote katika Qur'ani, inaamrisha deni liandikwe: mdaiwa aseme, na mwandishi aandike kwa uadilifu. Uandishi basi ni amana. Amana hiyo anaibeba pia yule anayekaa na kanda, au simu kama ilivyo siku hizi, akaandika darsa ya sheikh ili isomwe na wasiokuwepo. Msomaji haisikii sauti. Analoliona kwenye karatasi ndilo atakalolisimulia kuwa "sheikh kasema".

Tazameni mfano huu. Mtu anauliza: "Je, msafiri analazimika kufunga Ramadhani?" Sheikh anajibu: "Hapana, ruksa kula." Ukiiacha ile koma, umeandika "Hapana ruksa kula", na hukumu imepinduka! Kwa hiyo pumziko la msemaji nalo ni sehemu ya maneno yake. Vivyo hivyo "aliyeacha" na "aliyeachwa". Herufi moja tu, lakini mmoja ni mume na wa pili ni mke mwenye kukaa eda. Na wako wasemaji ambao kwao "mahari" husikika "mahali"; hapo maana ya sentensi ndiyo itakayokuongoza.

Wanazuoni wa Hadithi walilijua tatizo hili zamani, wakaliita tas-hifu. Katika mifano yao ya kosa la sikio, jina la Aasim al-Ahwal liligeuka Waasil al-Ahdab, kwa kuwa majina hayo yana mizani moja.

Kwanza sikiliza darsa yote bila kushika kalamu, upate kujua sheikh anaelekea wapi. Kisha andika kipande kwa kipande, ukirudisha nyuma kila unapotia shaka. Ukimaliza, anza kanda upya huku kidole chako kikifuata maandishi. Hii ndiyo muqabala. Imepokewa kwamba Urwa bin Zubeir alimuuliza mwanawe Hisham kama amelinganisha alichokiandika. Alipojibu hapana, alimwambia basi hajaandika. Wengi wetu huruka hatua hii kwa uvivu tu.

Kusafisha maandishi kuna mipaka. "Eee", "yaani yaani", "mnanifahamu?" na kikohozi, viondoe. Sheikh akisema, "Eda ya mfiwa ni miezi mitatu, hapana, miezi minne na siku kumi", andika ile aliyoisahihisha mwenyewe. Lakini si kila marudio ni takataka. Amepokea Anas (R.A.) kwamba Mtume (S.A.W.) alikuwa akilirudia neno mara tatu ili lifahamike. Sheikh akirudia kwa kutilia mkazo, liache. Na kama yeye ni Mmvita, usimgeuze Muunguja.

Aya usiziandike kwa kusikia, hata kama umehifadhi. Fungua Msahafu, nakili, utie jina la sura na nambari ya aya. Hadithi nayo itafute kitabuni. Ukiona tofauti na alivyosema sheikh, muulize, usirekebishe kimyakimya.

Pasiposikika, pengine muadhini ameadhini au mtoto analia, andika [haisikiki] pamoja na dakika yake. Kubahatisha ni kumsemea mtu. Maneno yako ya ufafanuzi pia yatie ndani ya mabano. Ziko programu za kompyuta zinazogeuza sauti kuwa maandishi. Zikupunguzie kazi ya mikono, lakini sikio libaki lako, hasa sheikh anapochanganya Kiswahili na Kiarabu.

Mwisho mpelekee sheikh asome kabla ya kugawa nakala. Juu ya ukurasa andika jina lake, msikiti, tarehe, na jina lako wewe uliyeandika, ili mwenye swali ajue pa kuuliza. Kanda yenyewe iwekeni, wala msirekodi kasida juu yake.