Rekodi Iliyobaki Kitabuni: Shabiki, Dawa za Kuongeza Nguvu na Haki ya Aliyeshindwa



Tarehe 13 Oktoba 2024 mwanariadha wa Kenya, Ruth Chepngetich, alikimbia marathoni ya Chicago kwa saa 2, dakika 9 na sekunde 56. Kabla ya siku hiyo hakuna mwanamke aliyewahi kumaliza mbio hizo chini ya saa 2 na dakika 10. Rekodi aliyoivunja ilikuwa ya Tigst Assefa wa Ethiopia, 2:11:53, iliyowekwa Berlin mwaka uliotangulia. Yaani aliipunguza kwa karibu dakika mbili nzima, katika mchezo ambao hata sekunde kumi zinatosha kuwainua watu vitini. Rekodi hiyo aliitoa kwa kumbukumbu ya Mkenya mwenzake, marehemu Kelvin Kiptum, ambaye mwaka 2023 alikimbia Chicago hiyohiyo kwa 2:00:35, kisha akafariki kwa ajali ya gari Februari 2024. Ni nani asingeguswa?

Siku ileile mwandishi mmoja wa Marekani alimwuliza angewaambia nini watu watakaosema muda huo ni mzuri kupita kiasi. Wakenya wengi walikasirika, na huku kwetu pia wapo waliosema kwamba Mwafrika akishinda lazima atafutiwe sababu.

Miezi mitano baadaye, tarehe 14 Machi 2025, Chepngetich alitoa sampuli ya mkojo ambayo ilikutwa na haidroklorothiazidi. Wazee wetu wengi wenye presha wanaifahamu dawa hii: ndiyo ile inayomfanya mgonjwa aende haja ndogo mara kwa mara. Yenyewe haimpi mtu mbio. Imepigwa marufuku michezoni kwa sababu inaweza kutumika kuficha dawa nyingine, kwa kuuzimua mkojo. Kiasi kilichokutwa kilikuwa nanogramu 3,800 kwa mililita, wakati kiwango cha chini kinachotakiwa kuripotiwa ni nanogramu 20. Alieleza kwamba aliumwa akameza dawa ya msichana wake wa kazi. Julai 2025 alisimamishwa, na tarehe 23 Oktoba 2025 Kitengo cha Uadilifu wa Riadha kilitangaza kumfungia miaka mitatu. Matokeo yake ya kuanzia siku ya sampuli yalifutwa. Kitengo kilisema pia kwamba kitaendelea kuchunguza mambo yenye mashaka yaliyokutwa katika simu yake. Rekodi ya Chicago, kwa kuwa iliitangulia sampuli, ilibaki kitabuni.

Hapo ndipo shabiki anapokwama. Kama rekodi ingefutwa, angehuzunika lakini angejua la kufanya. Kama mwanariadha angesafishwa, angeshangilia tena. Lakini afanye nini na rekodi ambayo sheria inasema ipo, na moyo wake unasita kuipigia makofi?

Mtu anaweza kusema mambo ya Chicago hayatuhusu sisi wa Ngara na Biharamulo, ambako habari za michezo maana yake ni Simba na Yanga. Sisi tunaona yanatuhusu. Tarehe 15 Septemba 2025, kwetu kukiwa bado usiku, Alphonce Simbu alishinda marathoni ya mashindano ya dunia kule Tokyo kwa 2:09:48, muda uleule wa Mjerumani Amanal Petros, wakitenganishwa na sehemu tatu tu za mia za sekunde. Ilikuwa dhahabu ya kwanza ya Tanzania katika mashindano hayo. Wazee waliomsikia Filbert Bayi redioni mwaka 1974, alipovunja rekodi ya dunia ya mita 1500 kule Christchurch, walikuwa wameisubiri habari ya namna hii kwa nusu karne. Hata hivyo, katika furaha ile tulisikia watu wakiuliza kwa sauti ya chini: "Na huyu amepimwa?" Simbu hajahusishwa na lolote. Swali lile ni deni ambalo wengine wamelikopa na yeye analilipa.

Tulipolijadili jambo hili sisi wanafunzi wa falsafa, wapo waliosema kwamba shabiki hana cha kulalamikia. Hakulipa kiingilio, hakukimbia, na wala hakunyang'anywa medali; ameumizwa nini? Hoja hii ina sura ya akili lakini tunadhani inakosea, na anayetusaidia kuona kosa lake ni Aristotle. Katika kitabu cha kwanza cha Maadili ya Nikomako, anapochunguza kama heshima ndiyo heri ya mwanadamu, anatoa sababu ya kuikataa: heshima inaonekana kuwa zaidi kwa yule anayeitoa kuliko kwa yule anayeipokea. Yeye alikuwa anatafuta jambo lingine, lakini tukiligeuza neno hilo kuelekea uwanjani tunapata kitu. Makofi ni mali ya anayepiga. Mkimbiaji hawezi kujipa heshima mwenyewe. Anapewa na mama wa Nyakanazi anayeacha kupima mchele ili asikilize redio, na kijana wa Kabanga aliyetoa shilingi zake akaingia kibanda umiza. Wametoa kitu halisi, na wamekitoa kwa sababu: wameamini kwamba mwili ule na mazoezi yale ndiyo yaliyozaa muda ule. Sababu ikiwa ya uongo, wamechukuliwa mali yao kwa hila. Kwa hiyo shabiki anayesema "nimeibiwa" hatii chumvi. Mtume Paulo naye, anapomwandikia Timotheo (2 Tim 2:5), anaifunga taji ya mwanamichezo na kushindana kwa kufuata kanuni. Nje ya kanuni anabaki mtu aliyevaa majani kichwani.

Lakini kuibiwa ni jambo moja, na kumtaja mwizi ni jambo lingine. Hapa ndipo mashabiki wengi tunateleza, na hapa Mtakatifu Thomas wa Akwino anatufaa kuliko wachambuzi wote wa redioni. Katika Summa Theologiae, sehemu ya pili ya sehemu ya pili, swali la 60, kifungu cha 4, anauliza kama mashaka yafasiriwe kwa upande ulio mwema. Anajibu ndiyo: pasipo dalili za wazi za uovu wa mtu, tumhesabu kuwa mwema. Anakubali kwamba kwa njia hiyo tutadanganyika mara kwa mara, na bado anaona ni afadhali kudanganyika mara nyingi kwa kumwazia mema mtu mbaya kuliko kumdhulumu mwema kwa kumwazia mabaya hata kama ni mara chache.

Kisha, akijibu pingamizi, anatenganisha mambo mawili ambayo kwa shabiki ni ya thamani kubwa. Kuhukumu vitu siyo sawa na kuhukumu watu. Kitu hakipungukiwi wala hakiongezewi kwa hukumu yetu, hivyo tukipime kama kilivyo. Mtu anaumizwa na hukumu yetu, na ndiyo maana tunaelekea upande wa wema wake. Sasa rekodi ni kitu. Muda wa 2:09:56 hauna heshima ya utu itakayovunjwa nikisema, "Huu siuelewi bado, nauweka pembeni." Ruth Chepngetich ni mtu. Yaliyothibitishwa juu yake ni ya Machi 2025, na kwa hayo amehukumiwa. Kusema kwamba Oktoba 2024 nako alidanganya ni kutoa hukumu ambayo hata waliokuwa na sampuli na simu yake mkononi hawakuitoa. Katekisimu (namba 2477) inaiita hukumu ya pupa: kuchukua kosa la jirani kuwa kweli bila msingi wa kutosha.

Mwenzetu mmoja alipinga hapa, na pingamizi lake lilikuwa zito. Alisema: rekodi haikujikimbia yenyewe; ukiitilia shaka rekodi, umemtilia shaka aliyeikimbia, hata kama unauma maneno. Tunakubali kwamba mpaka huo ni mwembamba. Lakini upo. Kusita siyo kuamua. Jaji anayeahirisha kesi hajamfunga mtu. Shabiki ana haki ya kuzuia makofi yake, kwa kuwa ni yake, bila kuwa na haki ya kurusha jiwe.

Thomas anaongeza jambo la tatu palepale, ambalo linajibu wale wanaoona upimaji kuwa ni tusi. Anasema mtu anapotafuta dawa ya ubaya fulani, yafaa achukulie kwamba hali ni mbaya zaidi, ili dawa yake ifae zaidi; hiyo ni namna ya kukadiria, siyo hukumu. Wapimaji wanaogonga mlango wa mwanariadha alfajiri bila taarifa wanafanya hivyo. Hawamwiti mwizi. Na mwanariadha safi ndiye anayefaidika kuliko wote, kwa sababu bila wao hana namna ya kutuonyesha usafi wake.

Tumemzungumzia mno mshindi. Kwa maoni yetu anayesahaulika zaidi ni yule wa pili, na mfano wake uko Boston.

Tarehe 21 Aprili 2014, mwaka mmoja baada ya mabomu kulipuka karibu na mstari wa kumalizia, watu walijaa barabarani Boston kuliko kawaida. Kwa wanawake alishinda Rita Jeptoo wa Kenya kwa 2:18:57, rekodi ya mbio hizo. Wa pili alikuwa Buzunesh Deba, Mwethiopia aliyekuwa akiishi New York, kwa 2:19:59. Septemba mwaka huohuo Jeptoo alipimwa nje ya mashindano akakutwa na EPO, homoni inayotengenezwa na figo ili kuuamsha uboho uzalishe chembe nyekundu za damu. Ikidungwa kutoka nje, damu inabeba oksijeni zaidi ya ile ambayo mazoezi yangempa mtu. Alifungiwa miaka miwili. Oktoba 2016 Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo iliongeza ikawa minne na kufuta matokeo yake tangu Aprili 2014, Boston ikiwemo. Deba akawa mshindi, na muda wake ukawa rekodi ya Boston hadi mwaka 2025 Sharon Lokedi alipokimbia 2:17:22.

Mshindi kwenye karatasi. Zawadi ya kwanza ilikuwa dola 150,000 na ya pili 75,000, tena kulikuwa na dola 25,000 za rekodi. Kwa miaka mingi waandaaji walisema wanasubiri Jeptoo arudishe fedha kwanza. Mwaka 2024 shabiki mmoja Mmarekani, mfanyabiashara asiyemfahamu Deba, alisoma habari yake gazetini akamtumia dola 75,000 kutoka mfukoni mwake. Hakuwa amedaiwa na yeyote.

Thomas, katika swali la 62, anasema aliyechukua cha mwenzake lazima akirudishe, na kama hakirudishiki, afidie kwa kadiri inavyowezekana; anatoa mfano wa aliyemkata mtu kiungo cha mwili, kwamba hawezi kukirudisha ila anaweza kufidia kwa fedha au kwa heshima. Makofi ya Boston hayarudishiki. Barabara ile ya mwaka 2014, watu wale na machozi yale, hakuna mahakama inayoweza kumpa Deba. Lakini fidia ya fedha iliwezekana, na aliyeitoa alikuwa shabiki. Tunaona huyu aliielewa nafasi ya shabiki kuliko sisi tunaoishia kulaani.

Mambo hayaendi sawa kila mara. Asbel Kiprop wa Kenya alikuwa wa pili katika mita 1500 za Olimpiki ya Beijing 2008. Mshindi, Rashid Ramzi wa Bahrain, alikutwa na dawa, na dhahabu ikahamia kwa Kiprop. Mashabiki walimhurumia kama aliyedhulumiwa. Novemba 2017 Kiprop mwenyewe alikutwa na EPO, akafungiwa miaka minne. Dhahabu ya Beijing bado ni yake, na kwa haki. Kudhulumiwa hakumfanyi mtu kuwa mtakatifu.

Turudi nyumbani. Waraka wa Baraza la Kipapa la Walei, Familia na Uhai kuhusu michezo, uliotolewa tarehe 1 Juni 2018, unasema wazi kwamba haitoshi kuwahubiria wanamichezo peke yao juu ya dawa hizi. Wengine wote wanaoizunguka michezo wana sehemu yao. Katika viwanja vyetu hatuna EPO. Tuna mamluki. Vigango viwili vinagombea mbuzi, na kimoja kinaleta kiungo kutoka Kahama aliyesajiliwa kwa jina la kijana wa kwaya. Katika michezo ya shule tuna vijeba, wanaonyoa ndevu asubuhi na kucheza na watoto jioni. Hapa shabiki yuko katika hali mbaya kuliko wa Boston. Wa Boston alidanganywa. Wa kigango anajua. Anamwona kiungo yule, anajua hajawahi kukanyaga jumuiya yoyote, na anashangilia kwa sababu ni wa kwetu. Hapo haibiwi makofi yake. Anayatoa kama rushwa.

Kwa wale watakaosoma makala hii katika jumuiya ndogo ndogo au vikundi vya vijana, tunaacha suala moja la kujadili, na tungependa kusikia majibu. Fainali imeisha mabao mawili kwa moja. Wiki mbili baadaye imethibitika, kwa ushahidi na bila ubishi, kwamba mfungaji wa mabao yote mawili alikuwa mamluki. Kamati imefuta matokeo na kuitangaza timu ya pili kuwa bingwa. Mbuzi ameshaliwa, na walioshangilia siku ile walikula pamoja na wachezaji. Ni nani anayepaswa kulipa mbuzi mwingine?