Kauri inayowasha jiko na kumwona mtoto tumboni

Bonyeza kitufe cha jiko la gesi lisilo na betri wala waya. Unasikia mlio mmoja mkavu, cheche inaruka, moto unashika. Umeme huo umezaliwa papo hapo: ndani ya kitufe mna nyundo ndogo ya springi inayogonga kipande cha kauri, na kauri ikigongwa hutoa maelfu ya volti kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho. Jiko linalolia mfululizo kila ukishikilia kitufe ni la aina nyingine. Hilo lina betri, nalo likigoma anza na betri.

La kauri likigoma, mara nyingi tatizo ni mafuta au maji kwenye ncha inayotoa cheche. Funga gesi kwanza, fungua dirisha, subiri harufu iishe kabisa, kisha futa ncha kwa kitambaa kikavu. Tafadhali usiendelee kubonyeza huku gesi inatoka. Cheche moja ikishika wakati jikoni kumejaa gesi, ni mlipuko.

Tabia hiyo ya kutoa umeme kwa kubanwa huitwa piezoelektriki. Ndugu wawili wa Ufaransa, Jacques na Pierre Curie, waliionyesha mwaka 1880 kwa fuwele kama kwatzi. Mwaka 1881 wakathibitisha na kinyume chake: fuwele ikipewa umeme, hutanuka au kunywea. Kinyume hicho ndicho kinachomhudumia mama mjamzito. Kifaa kinachopitishwa tumboni wakati wa altrasaundi kina safu ya vipande vya kauri. Umeme huvitetemesha mara milioni kadhaa kwa sekunde, sauti tusiyoweza kuisikia inaingia mwilini, na mwangwi unaporudi unavibana, navyo vinatoa umeme ambao kompyuta huuchora kuwa picha ya mtoto. Ule ute wa baridi wanaokupaka una kazi ya kufukuza hewa, maana hewa hukata sauti hiyo njiani. Shirika la Afya Duniani linashauri kila mjamzito apate kipimo hiki walau mara moja kabla ya wiki ya 24, basi usikiahirishe.

Kauri yenyewe haitoki tanuruni na uwezo huo. Ndani yake mna vieneo vidogo vyenye umeme, kila kimoja kimeelekea kwake, hivyo nguvu zao zinafutana. Mafundi huipasha moto chini ya nguvu kubwa ya umeme mpaka vieneo vingi vigeukie upande mmoja, na vinabaki hivyo hata umeme ukizimwa. Kuweza kugeuzwa na kukumbuka ndiko kunakoitwa feroelektriki, jambo lililotambuliwa na Joseph Valasek huko Marekani mwaka 1920. Joto likizidi, kumbukumbu hufutika. Basi kifaa cha altrasaundi kisichemshwe wala kutiwa kwenye mtambo wa mvuke. Kisafishwe kama mtengenezaji anavyoelekeza. Kikianguka, kipimwe kabla ya kutumika tena, kwa sababu kipande kimoja kilichopasuka kinaweza kuficha sehemu ya picha.

Sasa lile linalowakosesha watafiti usingizi. Kauri iliyotawala kazi hizi tangu miaka ya 1950 imetengenezwa kwa risasi, zirkoni na titani, na zaidi ya nusu ya uzito wake ni risasi, madini yanayodhuru ubongo wa mtoto hata yakiwa kidogo. Umoja wa Ulaya umebana matumizi ya risasi kwenye vifaa vya umeme tangu 2006, lakini kauri hii ikapewa ruhusa maalumu, maana mbadala haukutosha. Tumaini kubwa lilikuja mwaka 2004, pale Yasuyoshi Saito na wenzake nchini Japani walipotengeneza kauri ya potasiamu, sodiamu na niobi iliyokaribia ile ya risasi kwa nguvu. Ugumu wake uko tanuruni: potasiamu na sodiamu hupotea kama mvuke wakati wa kuchoma, na nguvu ya kauri hubadilika joto linapopanda na kushuka. Kwa maoni yangu, hii ni kazi inayostahili fedha nyingi kuliko inazopata.

Kauri nzima iliyo ndani ya kifaa haikudhuru. Hatari huanza inapopondwa au kuchomwa kwenye lundo la vifaa chakavu, vumbi na moshi vikawafikia watoto. Kiwashio kibovu, kengele ya saa iliyokufa, spika ndogo ya king'ora: usivitupe motoni, wala usimpe mtoto avifungue. Vitenge kwenye chombo chenye mfuniko, uvipeleke kwa wanaokusanya taka za kielektroniki.