Dondoo muhimu: Fizikia ndiyo inayowakwamisha wengi

Baada ya kidato cha pili wengi huitupa Fizikia wakidhani Biolojia na Kemia zinatosha kwa udaktari. Hazitoshi. Vyuo vikuu vyetu vya Tanzania vinataka tahasusi ya PCB (Fizikia, Kemia na Biolojia) kwa shahada ya udaktari wa binadamu. Ukichukua CBG (Kemia, Biolojia na Jiografia) kwa kuogopa hesabu za umeme, kozi nyingine za afya bado zipo, ila hiyo umeiaga.

Hata stashahada ya utabibu baada ya kidato cha nne hudai ufaulu wa Fizikia, Kemia na Biolojia.

Kabla ya kujaza tahasusi kwenye fomu ya machaguo (Selform), soma mwongozo wa Tume ya Vyuo Vikuu (TCU) wa mwaka huo, maana vigezo hubadilika. Umeshakosea? TAMISEMI hufungua dirisha la kurekebisha matokeo yakitoka; lisikupite.

Ukitembelea shule unayotaka kusomea tahasusi hiyo, chungulia maabara. Bureti zenye vumbi zinasema mengi kuliko bango la getini. Kwenye taitresheni tone moja la ziada hupotosha jibu, na mkono haujifunzi hilo kwa kukariri. Na BAM (Basic Applied Mathematics)? Wana PCB huisoma pia, kwa hiyo daftari la Hisabati usiligawe bado.