Kuku Aliyekufa Mwenyewe: Tule, Tuuze au Tuzike?

Somo: Kumbukumbu la Torati 14:21; Matendo 15:20

Kwenye somo la Biblia la Jumatano mama mmoja aliuliza swali, watu wakacheka, halafu wakanyamaza. "Pasta, kuku wangu saba wamekufa wiki hii. Nikiwapika vizuri na tukaombea chakula, kuna shida gani?"

Jibu langu ni moja: mama, usile.

Musa aliwakataza Israeli kula mnyama aliyekufa mwenyewe. Tunamwita kibudu. Kuku akichinjwa, damu hutoka. Akifa mwenyewe, damu hubaki ndani ya nyama, na vidudu vya matumboni huanza kupenya kwenye nyama, haswa kukiwa na joto. Na wewe ulimkuta asubuhi. Alikufa saa tatu usiku ama saa kumi? Hujui.

Utasema moto unaua kila kitu. Moto unaua bakteria wengi, ni kweli. Lakini kuna bakteria wanaoacha sumu ambayo kuchemsha hakuivunji. Kama kuku alikula dawa ya panya, sufuria haitaiondoa. Na zile dawa ulizompa wiki nzima ukijaribu kumponya bado ziko mwilini mwake.

Halafu kabla ya moto kuna mikono. Mafua ya ndege ya H5N1 yalipoingia kwa watu huko Hong Kong mwaka wa 1997, watu 18 waliugua na 6 wakafa. Hatari kubwa huwa kwa anayemshika ndege mgonjwa, kumnyonyoa na kumpasua. Na hayako mbali: Januari 2017 mafua ya ndege ya aina nyingine yalipatikana Uganda, na serikali yetu ikafunga mpaka kwa kuku na mayai kutoka huko.

"Pasta, si hii ni Newcastle tu!" Pengine. Newcastle, au kideri, humaliza kuku wa kienyeji boma nzima, na kwa binadamu mara nyingi huleta macho mekundu tu. Lakini nani amepima? Kwa macho huwezi kuitenganisha na mafua ya ndege. Hata daktari wa mifugo anahitaji maabara.

Kuna wale wa kuwahi na kisu: kuku ameinamisha kichwa, anaharisha kijani, wanamchinja kabla hajakata roho. Huyo si kibudu kwa jina, lakini ugonjwa ni ule ule, na sasa damu yake iko mikononi mwako. Kuku mzima aliyevunjwa mguu na bodaboda, ukamchinja hapo hapo akiwa hai, hiyo ni habari nyingine.

Sasa imani. Wengine hunipa Marko 16:18, kwamba hata tukinywa kitu cha kufisha hakitatudhuru. Amina! Lakini Yesu alipoambiwa ajirushe kutoka juu ya hekalu, alikataa kumjaribu Mungu. Kuombea chakula ni shukrani. Si maabara.

Hapa ndipo pananiuma zaidi. Aya hiyo hiyo ya Torati inaruhusu mnyama huyo apewe mgeni au auzwe, na wengine wetu tukifika hapo tunaona soko. Jioni kuku wameshanyonyolewa, wako kwenye kibanda. Lakini soma Matendo 15. Mitume waliwaandikia watu wa mataifa, yaani wale wageni wenyewe, wajiepushe na damu na wanyama walionyongwa. Mgeni amekuwa ndugu. Utamuuzia nani sasa? Yule kijana wa mjengo anayekula kwa kibanda hakuulizwa. Na Sheria ya Afya ya Umma, Sura 242, inakataza kuuza chakula kisichofaa kuliwa.

Nilisomea biashara, kwa hivyo niruhusu hesabu kidogo. Kuku 7 kwa bob 800 ni 5,600. Inauma, haswa kama ndiyo karo. Lakini hela hizo zilipotea kuku walipokufa. Ukiwala, unaongeza bili ya hospitali juu yake. Ukiwauza, umemhamishia mwenzako hasara bila kumwambia.

Kwa hivyo chimba shimo refu, mbali na kisima. Vaa mifuko ya plastiki mikononi, zika, nawa kwa sabuni. Usiwatupe mtoni wala usiwape mbwa. Wakifa wengi kwa mara moja, mwite ofisa wa mifugo kabla hujazika wote, apate wa kupima.

Kwa Newcastle kuna chanjo ya tone kwenye jicho, na hurudiwa kila baada ya miezi kama 3. Inapewa kuku wazima, mgonjwa haimponyi. Chupa huwa na dozi nyingi, ndiyo maana mwenye kuku kumi huona ni hasara kuinunua peke yake. Gawaneni. Wanaotaka kuchanga na majirani, tuonane Jumapili baada ya ibada ya pili, mje na idadi ya kuku wenu. Mama wa Jumatano tayari ameandikisha wale wanne waliobaki, kama bado watakuwa wazima.