Bahari Ndani ya Darasa la Gitothua

Mtoto wa PP1, mwaka wa kwanza wa chekechea, huku Gitothua huenda hajawahi kuona Mombasa, lakini mto Ruiru anaujua. Anzia hapo unapofundisha habari za bahari. Maji yake huingia mto Athi, ambao mbele huitwa Galana, kisha Sabaki, na kumwagika Bahari ya Hindi karibu na Malindi. Chora safari hiyo sakafuni kwa chaki. Watoto waifuate kwa miguu wakitaja majina.

Kisha watengeneze viumbe wa baharini. Pweza ni rahisi. Chukua kile kibomba cha katoni kinachobaki tishu ikiisha, kata upande mmoja vipande vinane, uvikunje nje. Wahesabu minyiri. Kasa naye gamba lake ni kikombe cha trei ya mayai. Gundi ya dukani ya nini? Uji mzito wa unga wa ngano unashika vizuri.

Kuhusu chumvi ya bahari, jaribio ninalolipenda zaidi ni la yai. Litumbukize bichi katika glasi ya maji, litazama. Koroga chumvi kijiko baada ya kijiko hadi lielee. Waache wabashiri kwanza, tena kwa kelele.

Ndala iliyokatika ikatwe umbo la mashua, ichomekwe kijiti na tanga la kitambaa, kisha ielee katika beseni la maji. Wasimulie habari za Flipflopi, jahazi lililoundwa Lamu kwa taka za plastiki na kusafiri hadi Zanzibar mwaka 2019.

Mwalimu, makasi na kisu vibaki mkononi mwako, na beseni la maji usiliache na watoto hata kidogo.