SOMO: SHAMBA NI LA NANI BABA AKIFARIKI?

Robo hii tunajifunza juu ya mwanamke na ardhi. Huku Nyabibuye, kama kwingineko Buha, akina mama hupanda, hupalilia na kuvuna maharage na mahindi, lakini shamba huitwa la baba. Baba akifariki, ndugu wa ukoo hukaa kikao, na mara nyingi mjane huitwa mwishoni kuelezwa yaliyoamuliwa.

Wengi husema, "Ndiyo mila." Basi tuiangalie. Mwaka 1963 Serikali iliandika sheria za mila za makabila yanayofuata ukoo wa baba. Katika urithi, mwana wa kwanza wa kiume aliwekwa daraja la kwanza, wana wengine la pili, na binti la tatu, hata kama ndiye mkubwa kuliko wote. Ardhi ya ukoo binti angeweza kuitumia maisha yake yote, asiiuze. Mjane hakupewa fungu. Fungu lake lilikuwa kutunzwa na watoto wake.

Kwa jirani zetu wa Kagera, mama mmoja, Holaria Pastory, alirithi shamba kwa wosia wa baba yake, akaliuza mwaka 1988. Mpwa wake alimshtaki kwamba mwanamke hana ruhusa kuuza ardhi ya ukoo. Mwaka 1990 Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu, Mwanza, aliamua kwamba Katiba inakataza ubaguzi huo, na mauzo yakabaki halali. Hata binti watano wa Selofehadi, katika kitabu cha Hesabu, walisimama mbele ya wazee kudai fungu la baba yao, wakapewa.

Kisha ikaja Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya 1999. Kifungu cha 20 kinabatilisha mila yoyote inayomnyima mwanamke kumiliki au kutumia ardhi. Hati ya hakimiliki ya kimila yaweza kuandikwa majina ya mume na mke pamoja. Sisi tunaona hilo ndilo jambo kubwa kuliko yote, maana karatasi yenye majina mawili huzungumza hata mwenye jina moja akiwa kaburini.

Hata hivyo safari ni ndefu. Mwaka 2015 kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia haki za wanawake iliitaka Tanzania irekebishe sheria zake za urithi, baada ya wajane wawili kulalamika kwamba walifukuzwa nyumbani na ndugu wa waume zao.

Baraza la Ardhi la Kijiji lina wajumbe saba, na wasiopungua watatu lazima wawe wanawake. (Kuandikwa jina ni jambo moja, kusikilizwa ni jingine.)

Maswali kwa kamati:

Katika kijiji chenu, wanawake hao watatu ni akina nani? Mjane wa mwisho kuzikiwa mume hapo parokiani analima wapi msimu huu?